Maji Machafu Yakirudi Nyumbani: Sababu Zake na Namna ya Kujikinga

Katika visiwa vya Lamu mvua ya Masika hunyesha kwa nguvu zaidi katika mwezi wa Mei. Mvua hiyo ni neema kubwa, kwa maana ndiyo ijazayo visima na kuotesha mazao ya shambani. Lakini katika nyumba nyingi za mjini neema hiyo huja pamoja na taabu. Maji huingia vyumba vya chini, nayo huingia kwa njia mbili. Njia ya kwanza ni mlangoni, nayo kila mtu huiona. Njia ya pili ni chini ya sakafu: tundu la choo hutoa sauti ya mbubujiko, kisha maji meusi yenye kunuka hupanda taratibu hadi kiwandani na ndani ya vyumba. Njia hii ya pili ndiyo yenye hatari kubwa zaidi, na ndiyo isiyofahamika vema.

Wenye nyumba wengi huilaumu mvua peke yake. Ni kweli kwamba mvua inalo fungu lake, lakini mara nyingi chanzo cha taabu hiyo kilikuwapo miezi mingi kabla ya wingu la kwanza kuonekana. Mtu akikifahamu chanzo hicho aweza kuiponya nyumba yake kwa gharama ndogo, tena aweza kuwaponya jirani zake.

MJI ULIVYOLALA

Mji wa Kale wa Lamu, ulioandikwa na UNESCO katika Orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2001, umejengwa juu ya mteremko wa mchanga unaoshuka kuelekea mashariki, kwenye mkono wa bahari unaokikabili kisiwa cha Manda. Waliojenga mji huo walijua kuutumia mteremko. Vichochoro vingi hushuka kuelekea pwani, na kandoni mwake imo mitaro ya kupitishia maji ya mvua na maji ya kuogea. Maji hufuata mkondo, na mkondo wa Lamu ni kutoka juu ya mji, kukata Usita wa Mui, mpaka baharini.

Upande wa pwani, hata hivyo, sehemu kubwa ya ardhi haikuwapo tangu zamani. Ilijazwa kwa vifusi na taka katika karne ya 19, na mji ukasogea mbele. Ardhi hiyo iko chini, karibu sana na usawa wa bahari. Wakati wa bamvua, mwezi uandamapo au uwapo mpevu, bahari ya Lamu hupanda karibu mita 3 kutoka maji kupwa hadi maji kujaa. Kinywa cha mtaro kikifikiwa na bahari, maji yatokayo mjini hupungua kasi au husimama kabisa. Mvua kubwa ikikutana na bamvua, maji hukosa pa kwenda, nayo huanza kutafuta milango ya watu.

NYUMBA YA ZAMANI NA MAJI YAKE MAWILI

Nyumba ya mawe ya Lamu imejengwa kwa matumbawe na chokaa, na dari yake hubebwa na boriti za mikoko. Mtu huingia kwa daka, hupita tekani, akatokea kiwandani penye mwanga na hewa. Chooni palikuwa na birika la maji, na ndani ya birika waliwekwa samaki wadogo ili wale viluwiluwi vya mbu. Maji yalichotwa kwa kata, kidogo kidogo. Maji ya kuogea yaliachwa yaende njia yake, na shimo la choo lilipokea maji machache tu, ambayo mchanga uliyanywa polepole. Kwa hiyo shimo liliweza kutumika muda mrefu sana bila kujaa.

Siku hizi mambo yamebadilika. Maji ya bomba, yatokayo katika visima vya vilima vya mchanga vya Shela, yamefika ndani ya nyumba. Watu wengi wameweka choo cha kuvuta. Choo hicho hutumia lita 6 hadi 9 kwa kila mara moja. Nyumba yenye watu 8, kila mmoja akivuta mara 5 kwa siku, lita 6 kila mara, humwaga shimoni lita 240, yaani ndoo 12 za lita 20. Ongeza hapo maji ya kuogea, ya kufulia na ya jikoni, ikiwa nayo yameelekezwa katika shimo lile lile. Shimo lililochimbwa kwa ajili ya kata za maji sasa linapewa mto mdogo.

Jambo jingine lililobadilika ni wakazi wenyewe. Zamani sehemu ya chini ya nyumba za ghorofa ilikuwa mahali pa ghala na pa watumwa, na jamaa ya mwenye nyumba waliishi juu. Leo vyumba vya chini mara nyingi ni makazi ya wapangaji au ni maduka. Basi aishiye juu humwaga maji yake bila kuona taabu yoyote, na aishiye chini ndiye yanayemrudia.

KWA NINI SHIMO LINAJAA WAKATI WA MVUA

Chini ya mchanga wa Lamu yako maji. Maji baridi ya mvua huzama mchangani, kisha huelea juu ya maji ya chumvi yatokayo baharini, kwa sababu maji baridi ni mepesi kuliko ya chumvi. Mtoto achimbaye mchanga ufukoni ameona jambo hili kwa macho yake: akichimba kidogo tu, shimo hujaa maji yenyewe bila mtu kuyamimina.

Mvua inyeshapo siku nyingi, maji hayo ya ardhini hupanda. Karibu na pwani hupanda na kushuka hata kwa kufuata kujaa na kupwa kwa bahari. Yakifika usawa wa chini ya shimo la choo, shimo haliwezi tena kupunguza maji yake, kama vile sifongo iliyokwisha kulowa haiwezi kunywa tena. Yakizidi kupanda, huingia shimoni na kuyasukuma machafu juu. Ndipo maji hutafuta tundu lililo chini kuliko yote ndani ya nyumba, nalo ni choo cha chini au tundu la kiwandani.

Hali hii haitarajiwi kupungua. Wataalamu wa hali ya hewa wa Umoja wa Mataifa wamethibitisha kwamba bahari za dunia zilipanda kwa wastani wa sentimita 20 hivi kati ya mwaka 1901 na 2018, nazo zinaendelea kupanda. Katika mji ulio karibu sana na usawa wa bahari, kimo cha kiganja kimoja si kitu kidogo.

KISIMA NA SHIMO CHINI YA UKUTA MMOJA

Maji hayo yangekuwa ya kuudhi tu kama yangekuwa na harufu bila ugonjwa. Lakini katika Mji wa Kale visima na mashimo ya vyoo vimekaribiana sana, mara nyingine chini ya ukuta mmoja. Watu wa afya hushauri kwamba pawe na umbali wa mita 30 au zaidi kati ya kisima na shimo la choo. Katika mtaa wa nyumba zilizobanana umbali huo haupatikani.

Mfano mashuhuri ni ule wa jiji la London mwaka 1854. Katika mtaa wa Broad Street ulizuka ugonjwa wa kipindupindu, na watu zaidi ya 600 wakafa. Daktari John Snow aliziandika nyumba za waliokufa, akaona kwamba wengi wao walikuwa wakinywa maji ya pampu moja. Baadaye mahali hapo palichimbwa, ikaonekana kwamba shimo la uchafu la nyumba iliyokuwa jirani lilikuwa umbali usiofika mita moja kutoka kisimani, na matofali yake yalikuwa yamelegea. Mama mmoja wa nyumba hiyo alikuwa amefua nguo za mtoto wake mgonjwa na kumwaga maji yake katika shimo hilo. Maji ya kisima yalionekana safi kwa macho, na watu waliyapenda.

Pwani ya Afrika Mashariki nayo imeujua ugonjwa huo. Mwaka 1869 kipindupindu kilifika Unguja na kuua watu wengi mno. Daktari James Christie, aliyekuwako huko, aliandika kitabu juu yake kilichopigwa chapa mwaka 1876. Kwa hiyo maji ya kisima cha mjini, hata yawe matamu na meupe namna gani, yasinywewe bila kuchemshwa au kutiwa dawa, na hasa wakati wa Masika.

JINSI YA KUJUA UGONJWA WA CHOO CHAKO

Kabla ya kutumia fedha, mwenye nyumba yampasa ajue ni taabu ya namna gani iliyompata. Ziko tatu, nazo hutambulikana kwa urahisi.

Kwanza, ikiwa choo kimoja tu kinakataa na vingine vinapitisha maji, bomba la choo hicho limeziba. Mara nyingi ni kwa sababu ya vitambaa, nepi za watoto, mifuko ya plastiki au mafuta ya jikoni. Dawa yake ni kuzibua.

Pili, ikiwa maji hupanda chini kila mara watu wa juu wanapomwaga, hata wakati wa kiangazi, shimo limejaa. Dawa yake ni kulichota na kupunguza maji yanayoingia.

Tatu, ikiwa maji hupanda bila mtu yeyote kumwaga, nayo hufuata mvua kubwa au bamvua, basi ni maji ya ardhini. Hapo kuchota shimo ni kazi bure, maana litajaa tena kabla ya kesho.

Iko njia nyepesi ya kulihakikisha jambo hili la tatu. Mwenye kisima afunge jiwe safi katika kamba safi, alishushe mpaka liguse maji, kisha apige fundo mahali kamba inapokutana na ukingo wa kisima. Afanye hivyo wakati wa Kaskazi, ardhi inapokuwa kavu, na tena katikati ya Masika. Tofauti ya mafundo mawili itamwonyesha maji yamepanda kiasi gani. Akijua na kina cha shimo lake, atajua kama shimo hilo limesimama ndani ya maji au juu yake.

KAZI ZA KUFANYWA KABLA YA MVUA

Wakati mwema wa kazi hizi ni miezi ya Kaskazi, yaani Januari na Februari.

1. Mtaro usafishwe tangu juu ya mtaa hadi kinywani mwake pwani. Mtaro uliosafishwa mbele ya nyumba moja tu haufai kitu, kwa kuwa mchanga, samadi ya punda na plastiki vilivyozuia mita kumi mbele vitarudisha maji yale yale. Mtaro usifunikwe kwa saruji mahali pasipoweza kufunuliwa, wala usifinywe kwa kujenga ngazi au baraza mpya.

2. Maji ya mvua yatokayo darini yasipelekwe katika shimo la choo. Yaongozwe kwa mlizamu hadi kwenye tangi au birika. Dari yenye eneo la mita za mraba 50, ikinyeshewa mvua ya milimita 20, hukusanya lita 1,000. Maji hayo ni mali yakiwa tangini, na ni hasara yakiwa shimoni.

3. Maji ya kuogea na kufulia yatenganishwe tena na maji ya choo, kama ilivyokuwa zamani, na yachimbiwe shimo lake la mchanga na kokoto mahali panapofaa, mbali na kisima.

4. Shimo lililojaa lichotwe wakati wa ukavu. Gari la kunyonya uchafu haliwezi kupita katika vichochoro vilivyofanywa kwa miguu ya watu na ya punda, hivyo kazi hii hufanywa kwa mikono. Mtu asiingie shimoni kamwe. Uchafu uliooza hutoa hewa ya sumu. Ikiwa kidogo hunuka kama yai viza, na ikizidi huua uwezo wa pua kunusa, hata mtu asijue kwamba yumo hatarini. Mara nyingi wa pili hufa akijaribu kumwokoa wa kwanza. Uchafu uchotwe kwa chombo chenye mpini mrefu au kwa pampu, nao upelekwe mahali patakapoonyeshwa na bwana afya, si baharini wala mtaroni.

5. Kisima kijengewe ukingo ulioinuka na kifuniko kinachofunga, ili maji ya sakafuni yasiingie kwa juu.

6. Choo cha chini kiinuliwe juu ya ngazi mbili au tatu, kwa sababu kila sentimita iliyoongezwa ni sentimita ambayo maji hayana budi kuipanda. Panapofaa, fundi aweza kuweka katika bomba kilango kinachofunguka upande mmoja tu, ili maji yatoke na yasirudi. Lakini ikumbukwe kwamba kilango hicho kikiwa kimefungwa, maji ya nyumba yenyewe nayo hayatoki.

MAJI YAKISHAINGIA

Neno la kwanza ni kusimamisha maji. Watu wote wa nyumba, wa juu na wa chini, waache kuvuta choo, kuoga na kufua mpaka maji yashuke. Ndoo moja inayomwagwa juu huongeza ndoo moja chini.

Umeme uzimwe kwenye swichi kuu, lakini kwa sharti kwamba mtu aweza kuifikia akiwa amesimama mahali pakavu. Akiwa hawezi, asiiguse, aite fundi. Watoto waondolewe, na yeyote anayeingia katika maji hayo avae viatu vya mpira na glavu. Mwenye kidonda asiingie kabisa.

Maji ya kunywa yachemshwe mpaka yatokote kwa nguvu kwa muda wa dakika moja kamili. Asiyekuwa na kuni wala gesi aweza kutumia dawa ya klorini ya kusafishia maji, kwa kufuata maandishi yaliyo juu ya chupa. Birika lililoingiwa na maji machafu limwagwe lote na kusuguliwa kabla ya kujazwa upya.

Mtu akianza kuharisha maji mengi, apelekwe hospitali bila kukawia. Njiani na apewe maji ya chumvi na sukari: lita moja ya maji safi, vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote vikiwa vimesawazishwa. Kipindupindu huua kwa kukausha maji mwilini, na mgonjwa anayerudishiwa maji mapema kwa kawaida hupona.

BAADA YA MAJI KUSHUKA

Magodoro, mikeka na vyakula vilivyolowa visihifadhiwe kwa huruma. Sakafu na kuta zisuguliwe kwa sabuni na maji safi, kisha zipakwe maji yenye dawa ya klorini ya kufulia: kikombe kimoja kwa ndoo ya lita 20. Dawa hiyo isichanganywe na dawa nyingine ya kusafishia choo, kwa kuwa mchanganyiko huo waweza kutoa hewa yenye kuumiza mapafu. Milango yote iachwe wazi.

Ukuta wa matumbawe ukilowa, mafundi wengine hukimbilia kuupiga plasta ya saruji ili upendeze upesi. Hilo ni kosa. Chokaa huacha ukuta upumue, na unyevu hutoka polepole. Saruji huufungia unyevu na chumvi ndani. Baada ya muda plasta hubambuka, mawe hulegea, na ncha za boriti zilizomo ukutani huoza. Ukuta uachwe ukauke kwa wiki nyingi, hata Kusi ivume, kisha upigwe chokaa kama ulivyojengwa.

JAMBO LA MTAA MZIMA

Katika jiji lenye mabomba makubwa ya maji machafu, mtu hulipa ada yake na kazi hufanywa na wengine. Katika Mji wa Kale, kama katika Shela, Matondoni, Siyu au Faza, sehemu kubwa ya kazi hiyo imo mikononi mwa majirani. Ardhi iliyo chini ya nyumba ni moja, wala maji yaliyomo ndani yake hayajui mpaka wa ukuta. Shimo la mtu mmoja likivuja, kisima cha mwenziwe ndicho kinachoharibika. Mtaro wa mtu mmoja ukizibwa, mlango wa mwenziwe ndio unaoingiliwa.

Kwa hiyo ni vema kila mtaa ukubaliane mapema siku ya kusafisha mtaro, nani atashika sehemu ipi, na ni mwezi gani mashimo yatachotwa. Mwenye nyumba na mpangaji wake nao wakubaliane ni nani atakayelipa, kabla ya maji kuwafikisha kwenye ugomvi. Palipo na shaka, bwana afya wa kaunti aitwe aje kutazama. Lakini aitwe wakati wa Kaskazi, mtaro ungali mkavu na kisima kikiwa chini, wakati ambapo kosa laonekana kwa macho na laweza kutengenezwa kwa jembe na mfuko wa chokaa.